Moshi Uliopozwa: Historia ya Kiko

Katika makaburi ya zamani yaliyofukuliwa London na katika miji ya Uholanzi, wanaakiolojia wamekuta mara kwa mara mafuvu yenye alama ya namna moja. Upande mmoja wa kinywa, pale meno ya juu yanapokutana na ya chini, kuna tundu la mviringo, laini kwa ndani, kana kwamba limepitishwa tupa. Tundu hilo lilichongwa na mrija wa kiko cha udongo. Mwenye meno aliubana hapo hapo kila siku, akiwa kazini, akiwa kilabuni, akiwa njiani, miaka nenda miaka rudi, hadi jino likalika. Wengine wana matundu mawili, kushoto na kulia, na nyuma ya meno kuna madoa meusi ya moshi. Hakuna mtu anayebana kitu kigumu mdomoni nusu ya umri wake kama hakipendi. Naanza na meno haya kwa sababu hayana upande: raha ya kiko na madhara yake yaliacha alama moja, mahali pamoja.

Moshi wa tumbaku ukitoka motoni moja kwa moja ni mkali. Unachoma ulimi, unakwaruza koo, unatoa machozi. Ukiifuata historia ya kiko, iwe Ulaya, Uajemi au Unguja, utaona watu wale wale wakihangaika na tatizo lile lile: namna ya kuupoza moshi kabla haujafika mdomoni. Waliurefusha mrija. Waliupitisha moshi majini. Walitafuta mti usioungua na jiwe linalofyonza unyevu. Walifaulu, tena sana. Na kwa maoni yangu, kufaulu kule ndiko kulikowaponza, maana moshi uliopoa waliudhani umesafishwa.

Tumbaku yenyewe ni mmea wa mabara ya Amerika. Mnamo Novemba 1492 watu wa Columbus waliwaona wenyeji wa Cuba wakivuta majani yaliyosokotwa, na kwenye bara la kaskazini wenyeji walikuwa na viko vya mawe na vya udongo tangu karne nyingi kabla ya hapo, wakivitumia katika ibada na katika kufunga mapatano. Wazungu waliuchukua mmea na chombo chake, ibada wakaiacha. Kufikia mwisho wa karne ya 16 Waingereza walikuwa wakifinyanga viko vyao wenyewe kwa udongo mweupe. Mabori yavyo, yaani vikombe vya kutilia tumbaku, yalikuwa madogo mno, ya kuingia ncha ya kidole tu, kwa kuwa tumbaku ilikuwa ghali.

Wakubwa walitishika mapema. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitoa kijitabu kizima cha kuilaani tumbaku, akaipandishia ushuru vikali. Karibu na miaka hiyo hiyo, Agra nchini India, ofisa mmoja aitwaye Asad Beg alirudi kutoka Bijapur akiwa na zawadi ya kiko kilichopambwa kwa vito, akakiweka mbele ya Mfalme Akbar. Akbar alivuta kidogo watu wakitazama. Tabibu wake akamsihi aache: dawa ambayo haimo katika vitabu vya tiba si ya kujaribiwa na mfalme. Akbar aliacha, lakini watumishi na wakubwa wa ikulu walikwisha kuonja. Mwanawe, Jahangir, alipiga tumbaku marufuku mwaka 1617. Huko Istanbul, Sultani Murad wa Nne aliiharamisha mwaka 1633 na kuwaua waliokaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyefaulu. James mwenyewe aliishia kuigeuza biashara ile ile aliyoilaani kuwa chanzo cha mapato ya hazina yake.

Kiko cha udongo kilikuwa rahisi kununua na rahisi kuvunjika. Ndiyo maana vipande vyake vimejaa ardhini kila mahali walipofika Waingereza na Waholanzi, na ndiyo maana wanaakiolojia wanavipenda. Mwaka 1954 mmoja wao, J. C. Harrington, alionyesha jambo la kushangaza: tundu la ndani ya mrija lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyosonga, kutoka sehemu 9 za 64 za inchi mwanzoni mwa karne ya 17 hadi sehemu 4 mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo mtu mwenye keekee za ukubwa mbalimbali anaweza kuzichomeka kwenye vipande vya mirija, moja baada ya nyingine, na kukadiria umri wa kijiji kizima. Sababu inayotajwa zaidi ni ya kifundi. Wavutaji walitaka mirija mirefu zaidi ili moshi upoe njiani, na mrija mrefu hauwezi kuwa na tundu pana bila kuwa mzito na mnene. Kila kizazi kilikuwa kinausogeza moto mbali kidogo na uso.

Haifai kuipita tumbaku ya viko hivyo bila kuuliza ililimwa na nani. Mlowezi Mwingereza John Rolfe alianza kuipanda Virginia karibu mwaka 1612, na mwaka 1619 Waafrika wa kwanza waliotekwa walishushwa katika koloni hilo. Kuanzia hapo bori la Mwingereza lilizidi kupanuka, maana tumbaku ilishuka bei, na unafuu huo ulitegemea kwa sehemu kazi isiyolipwa. Kule Barbados, katika makaburi ya watumwa wa shamba la Newton, mtaalamu Jerome Handler na wenzake walimkuta mwanamume mzee aliyezikwa na kiko kifupi cha udongo mwekundu, cha aina iliyofinyangwa Afrika Magharibi, katika pwani ambayo leo ni Ghana. Kimevuka bahari namna gani, sijui mtu awezaye kusema kwa hakika. Lakini waliomzika walijua thamani yake, wakakilaza kando yake.

Afrika ilikuwa imevuta moshi zamani. Katika pango la Lalibela, nchini Ethiopia, yalichimbuliwa mabori mawili ya viko vya maji. Uchunguzi uliochapishwa na Nikolaas van der Merwe mwaka 1975 ulikuta ndani yake masalia ya bangi, na umri wake ulikadiriwa kufika karibu mwaka 1320, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Columbus kung'oa nanga. Tumbaku ilipoingia pwani yetu katika enzi za Wareno, watu wa bara hili hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kupitisha moshi kwenye mrija.

Kiko cha Mswahili wa zamani kilikuwa chombo cha akili. Kifuu cha nazi kilitobolewa na kutiwa maji, si kujaa. Juu yake lilisimama bori la udongo, limeshikiliwa na digali, kijiti chenye uwazi kinachoshuka hadi chini ya maji. Ubavuni ulitoka mrija wa kuvutia, shilamu. Tumbaku ilipangwa borini na kaa la moto likawekwa juu. Mvutaji akivuta, hewa iliyo ndani ya kifuu inapungua, moshi unalazimika kushuka kwa digali, unapasua maji kwa mapovu, unapanda, kisha ndio unaingia kwenye shilamu. Ile sauti ya maji, malio ya kiko, ilikuwa nusu ya raha. Mwenye sikio alijua kwa malio tu kama maji yamezidi au yamepungua, na kama anayevuta ni mzoefu au mgeni.

Kiko cha namna hiyo hutembei nacho. Unakaa. Na ukikaa barazani na kiko, hukai peke yako: kinazunguka mkono kwa mkono, na kati ya mvuto mmoja na mwingine kuna nafasi ya mtu kumaliza hadithi yake bila kukatizwa. Wanaosifu kiko leo wanasifu zaidi nafasi hiyo kuliko tumbaku, na nadhani wana haki.

Tumbaku ya kujaza viko hivyo ilitoka bara. Ya Usambara ilikuwa na sifa kubwa katikati ya karne ya 19. Majani yalitwangwa kwenye vinu, yakafinyangwa mikate myembamba ya mviringo, yakafungwa kwa majani ya migomba na kuteremshwa hadi Unguja. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Unguja mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika pamoja na mwenzake Speke, aliandika habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1860. Ndani zaidi, katika nchi za maziwa, kiko kilikuwa na sura nyingine: bori la udongo mweusi na mrija mrefu wa mti, bila maji. Na hakikuwa cha wanaume tu. Rwanda, Burundi na Buganda, bibi kizee mwenye kiko chake mbele ya nyumba alikuwa mtu wa heshima, na katika bonde la Zambezi akina mama wa Kitonga walijulikana kwa viko vyao vya maji vya kibuyu kirefu.

Ulaya nayo ilikuwa ikitafuta kitu kisichovunjika kama udongo na kisichoungua kama mti wa kawaida. Kilipatikana katikati ya karne ya 19, na mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa, ukawa kitovu cha kazi hiyo. Ni nundu la mzizi wa kichaka cha Bahari ya Kati kiitwacho Erica arborea, ambalo wenye viko huliita braya. Nundu hilo ni gumu, lina vinyweleo vya kufyonza unyevu, na ndani yake mna silika inayolisaidia kuvumilia moto. Mafundi hulikata, hulichemsha kwa saa nyingi kuondoa utomvu, kisha hulianika polepole, miezi hata miaka, kabla ya kulitoboa. Kiko cha braya kiliingia mfukoni mwa karani, mwalimu na baharia. Mwaka 1907 Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, na baada ya miaka michache akawa anatengeneza viko vyake mwenyewe. Kiko kikawa ishara ya mtu anayefikiri. Albert Einstein, alipopewa uanachama wa maisha wa chama cha wavuta kiko cha Montreal mwaka 1950, alijibu kwamba kiko humsaidia mtu kupima mambo kwa utulivu.

Kuivuta braya ni kazi yenye taratibu zake, na humo ndimo mapenzi ya watu yalimo. Tumbaku hutiwa borini kwa mafungu matatu. Wazee wa Ulaya hufundisha kwamba fungu la kwanza lishindiliwe kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Maana yake chini pawe wazi, juu pakaze. Ukivuta bila moto unapaswa kusikia ukinzani mdogo, kama wa kunywa kitu kwa mrija. Kisha njiti ya kwanza: moto unazungushwa juu ya tumbaku, majani yanajikunja na kuinuka, moto unazima. Huo si moto wenyewe. Unashindilia yale majivu kidogo kwa chuma, unawasha tena, na sasa bori linashika. Kuanzia hapo siri ni uvivu. Unavuta kidogo, unaacha, unavuta tena pale tu moto unapokaribia kufa. Ukigusa bori kwa kiganja na ukashindwa kuliacha mkononi, unavuta kwa haraka mno.

Mwenye haraka huadhibiwa palepale. Moshi wa moto uliojaa mvuke humbabua ulimi, na kwa siku mbili chakula hakina ladha. Majimaji machungu hujikusanya chini ya bori na kupanda kwa mrija hadi mdomoni. Kiko kipya hupasuka kikichomwa kwa pupa kabla hakijajenga tabaka la masizi linalokilinda kwa ndani, na kiko cha zamani hupasuka tabaka hilo likiachwa kunenepa kuliko sarafu. Kiko kilichovutwa leo kinahitaji kupumzishwa kesho kikauke. Kwa hiyo mvutaji anahitaji viko viwili, kisha vitano, na mfuko wake unajua.

Juu ya braya, kwa wenye uwezo, lilikaa jiwe. Meashamu ni madini meupe na mepesi yanayoitwa pia sepiolaiti, na kwa miaka mingi dunia ilijua mahali pake pamoja, Eskişehir nchini Uturuki, ambako huchimbwa likiwa bichi, likachongwa, likachovywa katika nta ya nyuki. Halina ladha ya mti. Linafyonza lami na unyevu, na kadiri linavyovutwa hugeuka rangi, kutoka weupe wa chokaa hadi manjano, kisha hudhurungi ya asali iliyokolea.

Katika miaka ya 1950 jiwe hilo lilikuwa likichimbwa pia kwetu, katika bonde la Amboseli, chini ya Kilimanjaro, kwenye mpaka wa Kenya na Tanganyika. Mgodi wa Sinya, katika nchi ya Wamaasai ambayo sasa ni Wilaya ya Longido, ulilisha kiwanda cha Tanganyika Meerschaum Corporation kilichokuwa Arusha. Jiwe la Amboseli ni zito kuliko la Uturuki, na weupe wake hauna usafi ule, kwa hiyo mafundi walilipaka rangi nyeusi au ya kahawia, wakalivisha ngozi, au wakalitumia kama bitana ndani ya bori la braya. Viko vyake viliuzwa ng'ambo kwa majina ya Kiko na Kilimanjaro, Kiko kikiwa na alama ya tembo. Jiwe hilo hilo lilisafirishwa hadi kisiwa cha Man, katikati ya Uingereza na Ireland, likachongwa huko. Leo mgodi wa Sinya umeachwa. Inanisikitisha kwamba Mtanzania wa kawaida hajui kabisa kuwa mzee fulani wa London alikuwa akivuta jioni yake kupitia mwamba uliotoka Longido.

Mbinu nyingi zilikutana katika kiko cha kibuyu cha Afrika Kusini. Mkulima alikilaza kibuyu shambani kikingali kichanga na kukipinda shingo kidogo kidogo kadiri kinavyokua. Kikishakauka, bori la meashamu huwekwa mdomoni mwake, na uwazi unaobaki chini yake unakuwa chumba ambamo moshi hutulia na kupoa kabla ya kuvutwa. Askari wa Kiingereza waliopigana vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, walikipenda wakakipeleka kwao. Kwa upole wa moshi, chombo hicho kinasifiwa kupita vyote vya mkononi.

Na hapo ndipo penye hatari. Daktari wa Kijerumani Samuel Thomas von Sömmerring aliandika mwaka 1795 kwamba saratani ya mdomo huwapata zaidi wanaovuta kiko, pale mrija unapokandamiza. Maneno yake yalikaa vitabuni tu. Zaidi ya miaka 150 ilipita kabla ya sayansi kuishika sigara, mwaka 1950, kupitia kazi ya Richard Doll na Austin Bradford Hill nchini Uingereza na ya Wynder na Graham Marekani. Ripoti maarufu ya mganga mkuu wa Marekani, iliyotolewa tarehe 11 Januari 1964, ilikihusisha kiko na saratani ya mdomo, lakini ilisema pia kwamba vifo vya wavuta kiko havikuzidi sana vile vya wasiovuta. Waliotishwa na sigara waliisoma sentensi hiyo ya pili. Wengi walinunua kiko.

Walichokosa kuelewa ni jinsi moshi unavyofanya kazi. Moshi wa sigara una asidi, kwa hiyo nikotini yake haiingii mwilini vizuri mpaka umezwe hadi mapafuni. Moshi wa kiko una magadi zaidi, na nikotini yake hupita kwenye ngozi ya ndani ya mashavu na ulimi. Ndiyo maana mvuta kiko wa miaka yote huridhika bila kuumeza moshi, na mapafu yake yanapona kiasi. Lakini aliyehama kutoka sigara amekuja na mazoea yake: anaumeza. Na kiko kizuri, chenye moshi laini uliopoa, kinamrahisishia kuumeza.

Mwaka 2004 Chama cha Saratani cha Marekani kilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 138,307 kwa miaka 18. Wale waliovuta kiko peke yake, bila sigara, walikufa kwa saratani ya mapafu mara tano zaidi ya wasiovuta kabisa, na kwa saratani ya zoloto mara 13. Umio nao haukunusurika. Ni hatari ndogo kuliko ya sigara, na wapenzi wa kiko hupenda kuanzia hapo na kuishia hapo. Mimi nikisoma tarakimu hiyo ya zoloto nawafikiria wasimulizi, watu waliokaa na kiko kwa sababu ya mazungumzo, wakapoteza sauti.

Wakati wazee wa braya wanapungua, njia ya maji imerudi mijini kwa jina la shisha, na vijana wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Kigali wameipokea kwa mikono miwili. Tumbaku inachanganywa na asali ya miwa na ladha za tofaha au mnanaa, na ule ukali ambao ungemfanya mgeni akohoe umeondolewa karibu wote. Uganda iliizuia kwa sheria ya mwaka 2015, Tanzania ikaipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Bado inavutwa, na ukimuuliza anayevuta atakuambia maji yamechuja. Shirika la Afya Duniani lilionya tangu 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi wa sigara 100 au zaidi, maana kikao kinachukua muda mrefu na kila mvuto ni mkubwa. Maji yanaondoa joto. Kaboni monoksaidi hayaiondoi kwa kiasi chochote cha maana, na sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki kwenye tumbaku, inatoka kwenye kaa la moto linalowekwa juu yake, kwa hiyo hata ile shisha inayouzwa kama ya mitishamba, isiyo na tumbaku ndani, inaitoa.